Brashi Tatu, Bawa Moja

Jumapili, 6 Julai

Mke wangu yuko mafunzoni, anarudi Jumamosi. Gari ni lake. Ufunguo ninao mimi, kwa sababu yeye hana leseni na hataki kusikia habari za leseni. Wiki iliyopita nililiboresha kidogo. Springi zimekatwa, gari limeshuka chini. Mbele, chini ya bampa, kuna mdomo mrefu wa plastiki. Pembeni kuna stika za miali ya moto. Juu ya buti kuna spoila kubwa, mimi naiita bawa. Fundi alisema sasa limekuwa gari la mashindano. Mashindano gani, hakusema.

Leo kapiga simu. Kumbe shemeji, kaka yake, alishapeleka umbea! Mke wangu akasema amesikia gari lake limeota mabawa. Nikamsahihisha kwamba ni bawa moja tu. Akasema hagombani kwenye simu. Jumamosi akilikuta safi na zima, tutaongea kama watu. Akilikuta vinginevyo, ufunguo anampa kaka yake, na kaka yake ndiye atakayempeleka hospitali kila asubuhi.

Kila asubuhi nampeleka mimi. Mke wangu ni mkunga. Nyumbani tuna televisheni, tuna wageni, tuna usingizi. Njiani tuko wawili tu. Ananisimulia watoto waliozaliwa jana na baba zao waliozimia, mimi namsimulia mipango yangu, anacheka mpaka anashika dashibodi. Leo shemeji akae kwenye kiti changu, achekewe yeye? Thubutu!

Tatizo ni kwamba gari limejaa tope hadi madirishani. Mwingine angechukua ndoo na tambara. Mimi siwezi. Mwezi uliopita, mbele ya mama mkwe na ukoo mzima, nilimcheka shemeji kwa kuosha gari lake kwa ndoo. Nilisema mwanamume wa siku hizi hashiki tambara. Watu walinisikia, hata babu asiyesikia vizuri.

Jumatatu, 7 Julai

Suluhisho limepatikana! Kwenye kituo cha mafuta wameleta mashine ya kuoshea magari. Unaegesha ndani, unatulia kwenye kiti, mashine inatembea yenyewe juu ya reli. Brashi mbili za pembeni, moja ya juu. Nimetazama gari moja likiingia halina rangi, likatoka jekundu. Nilikuwa nadhani ni la kahawia.

Msimamizi wa mashine ni mama mmoja mpole, mnene, overoli ya bluu, filimbi shingoni. Alilizunguka gari langu akiwa amefunga mikono kifuani. Akasema, "Kaka yangu, hili siliingizi." Akanionyesha bango. Kunja vioo vya pembeni. Ng'oa antena. Gari lililoongezewa vitu haliruhusiwi. Akaeleza kwamba brashi haina macho, chochote kilichochomoza inakidaka na kukivuta. Kuna mmoja alimbishia, akaondoka amebeba kwapani keria yake ya mizigo ya juu ya paa. Ushauri wake ni nioshe kwa mkono. Nikishindwa, kuna chumba cha pili cha maji ya kasi, hakina brashi, ila stika zangu nisimlilie yeye.

Nikamwambia bawa langu limefungwa na fundi bingwa kwa bolti nne. Akauliza hizo bolti zimeshika nini. Swali la ajabu! Nikaaga kwa heshima. Wakati wa kutoka mdomo wa plastiki ukakwaruza tuta. Sauti ndogo sana. Watu wote waligeuka.

Jumanne, 8 Julai

Chumba cha maji ya kasi. Nimefuata ushauri, asije mtu akasema mimi ni mbishi.

Maji ni ya kasi kweli. Miali ya moto ya upande wa kulia imekwenda na maji, yote, nimeiona ikipita kwenye mtaro. Ya kushoto imebaki. Ukilitazama gari kutoka kushoto linakimbia, ukilitazama kutoka kulia limeegeshwa. Tope nalo halikutoka lote, limefanya michirizi. Kwa kweli lilikuwa na afadhali jana.

Nikiwa natafakari, nani anatokea? Shemeji, na gari lake jeupe lisilo na kitu chochote, linang'aa mpaka linakera. Kasema leo ana nafasi, ana ndoo mbili kwenye buti, tusaidiane tu shem, saa moja tumemaliza. Sauti ya upole. Hapo ndipo anaponimaliza, upole wake huo. Nimemshukuru, nimemwambia nina mpango. Kasema mipango yangu anaijua.

Jumatano, 9 Julai

Nimeamua kulitoa bawa, nioshe kwa mashine, kisha nilirudishe. Nani angefikiria? Mimi.

Bolti zimetoka kwa urahisi, mbili hata hazikuhitaji spana. Bawa halikutoka. Nimempigia fundi. Akacheka kwa fahari. Kumbe chini amemimina gundi ya vioo, na anachokifunga yeye hakifunguki, labda kwa msumeno. Nikamuuliza kuhusu brashi. Akasema brashi zile ni laini, ni nywele tu, hata mtoto mchanga unaweza kumwogeshea. Ameshawahi kuingia? Hajawahi. Lakini ni mtu wa magari, anajua.

Sikutaka kuamini maneno matupu. Nimefanya jaribio nyuma ya nyumba. Nimelipiga bawa kwa ufagio wa mti mrefu, kushoto, kulia, juu, chini, kwa nguvu zangu zote. Ufagio umekatika. Bawa halikutikisika. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jirani aliniuliza gari limenikosea nini. Sikumjibu.

Alhamisi, 10 Julai

Mpango kamili umekamilika na nitauandika hapa ili usipotee.

Kwanza, utepe wa gundi, ule wa kufungia maboksi. Nimezungushia antena, vioo vya pembeni, na mdomo wa plastiki wote. Ukabaki, nikaongeza tena. Gari sasa linaonekana kama mzigo unaosafirishwa, lakini usalama kwanza.

Pili, kamba ya nailoni. Inapita juu ya bawa mara mbili, inaingia dirisha la nyuma la kulia na la nyuma la kushoto, na ndani inafungwa kwenye vishikio vya milango yote minne. Kwa hiyo bawa haliwezi kwenda popote bila gari lote kwenda. Yule mama aliuliza bolti zimeshika nini. Kesho bawa litashikwa na milango minne!

Madirisha ya nyuma hayafungi vizuri kwa sababu ya kamba, yamebaki wazi upana wa vidole viwili. Jambo dogo. Nitaweka taulo.

Shemeji katuma picha kwenye simu. Ndoo, tambara, na sabuni, vimepangwa vizuri kwenye ngazi ya nyumba yake. Hakuandika neno. Nimeifuta.

Ijumaa, 11 Julai

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Saa ya chakula nilijificha na gari nyuma ya matangi mpaka mama wa filimbi akaondoka na chombo chake cha chakula. Kadi ya mashine inauzwa dirishani, na aliyekuwa dirishani haoni magari, anaona mikono. Nikapata kadi. Nikaingia garini, nikafunga kamba kwenye milango minne, mafundo matatu kila mlango. Nikaingiza gari. Mdomo wa plastiki ukapanda juu ya reli na kubaki hapo. Ukakatika nusu. Sawa, hata hivyo ulikuwa mrefu.

Mashine ikaanza. Mwanzo ulikuwa mzuri mno! Povu jeupe likamwagika, brashi ya juu ikapita kwenye boneti kwa adabu kabisa. Nikasema moyoni, fundi alikuwa sahihi. Kisha povu likaanza kuingia. Taulo lilianguka mapema. Povu liliingia kulia, likaingia kushoto, likakaa kwenye kiti cha nyuma kama abiria, likaja mbele. Nikafikiri nitoke. Nikavuta kishikio. Mlango umefungwa na mlango mwingine, ambao umefungwa na mwingine, ambao nimeufunga mimi. Povu likanifika shingoni, na hapa sitii chumvi.

Wakati huo brashi ya juu ikafika kwenye kamba. Ikaidaka na kuanza kuizungusha kama mtu anayekunja uzi. Kamba ikakaza. Milango ikalia. Nikapiga honi. Nikapiga tena. Kisha nyuma kukatokea sauti ambayo sitaki kuieleza, na kwenye kioo nikaliona bawa likipaa. Kwa mara ya kwanza tangu linunuliwe lilifanya kazi yake. Lilizunguka na brashi, likagonga dari, likazunguka tena, na kila likirudi kulikuwa na kipande cha buti kimening'inia chini yake. Gundi ya fundi haikuachia. Kilichoachia ni bati.

Mashine ikanyamaza. Mama wa filimbi alikuwa amebonyeza kitufe chekundu, mkono mmoja bado una kijiko. Alitumia kisu chake cha chakula kukata kamba kupitia dirishani. Nikatoka nikiwa mweupe kuanzia kichwani. Nilitegemea anitukane, nilikuwa nimejiandaa. Akasema, "Pole, kaka yangu," akanivuta pembeni nisiteleze, kisha akakaa chini kwenye kizingiti akacheka mpaka filimbi ikalia yenyewe.

Niandike kwa haki pia. Boneti ilitoka safi sana.

Jumamosi, 12 Julai

Amefika mchana. Shemeji ndiye aliyempokea kituoni.

Niliegesha gari kwa ujanja, pua kuelekea lango, nyuma kuelekea ukuta. Boneti ikang'aa kwenye jua. Nikasimama kando yake nimeegemea kidogo, tabasamu tayari. Mke wangu akashuka, akatusalimu, mimi na boneti. Kisha akapita kwenye ile nafasi ndogo kati ya gari na ukuta. Sikujua kwamba anaenea pale.

Akakaa huko nyuma muda. Buti lina shimo ambalo mtu anaweza kupitisha tikiti maji. Milango miwili haifunguki kwa ndani. Viti vimelowa na vinanuka sabuni. Nikamwambia kutoka huku mbele kwamba ni safi. Akakubali kwamba ni safi. Akauliza, na zima? Shemeji akaangalia viatu vyake. Hata mimi nikaviangalia viatu vyake.

Nilidhani atafoka. Ningependa afoke, mtu anayefoka ana mwisho. Yeye akauliza kama niliumia. Nikasema povu liliingia sikioni na mpaka leo nasikia kwa mbali. Akanishika kidevu, akaligeuza sikio kwenye mwanga, akalifuta kwa pindo la kitambaa chake taratibu kama anavyowafuta watoto wa watu. Akamaliza. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu.

Nikampa ufunguo. Nimeona aibu kuliko ya jana, na jana nilivutwa kutoka kwenye povu mbele ya foleni ya magari.

Jumatatu, 14 Julai

Wameondoka asubuhi. Shemeji kwenye usukani, mke wangu pembeni yake. Nilisimama langoni na kikombe cha chai. Kabla hawajafika kwenye kona nilimsikia anacheka. Sijui shemeji alimwambia nini. Shemeji hana hata mpango mmoja maishani, sasa anamchekesha kwa kitu gani? Chai ilipoa mkononi. Nimeumia, naandika hapa kwa kuwa hakuna wa kumwambia. Wa kumwambia ndiye aliyeondoka.

Jana usiku tuliongea. Masharti yake ni mepesi. Kwa mwezi mzima nisiguse gari la mtu, nisikate, nisibandike, nisifunge kamba. Nikitulia, ufunguo utarudi. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote, na machozi yalikuwa karibu.

Akishamshusha hospitali, shemeji anapeleka gari kwa fundi wa bati. Kwa hiyo gari lake jeupe ameliacha hapa kwetu, na ufunguo ameniachia mimi, ili jirani akitaka kutoka nilisogeze kidogo. Mke wangu alimwambia asiniachie. Shemeji akasema jamani, mumeo ni mtu mzima. Maneno hayo yamenigusa. Sikutegemea kutetewa na yeye. Nimejiona nilikuwa namwonea bure mtu wa watu.

Nimekaa kwenye ngazi nalitazama gari lake. Safi. Zima. Lakini jamani, limekaa juu mno! Magurudumu membamba, nyuma patupu kabisa. Mtu mwema kama yule, anaendesha gari lisilo na sura. Na mtu ukimfanyia wema asioutegemea, atakukatalia nini? Atanirudishia ufunguo kwa mkono wake mwenyewe, kabla ya huo mwezi kuisha.

Nimempigia fundi. Amesema nilete sasa hivi, leo hana foleni.