Dawa ya Gogo Lisilo na Jina

Walimwita Koti kwa sababu hakuvua koti jeupe la daktari hata jua likiwaka, ingawa hospitali alizozijua ni zile alizolazwa. Siku hiyo alikuwa kwenye kiwanda cha mbao, akitazama rundo la magome mekundu.

"Mti gani huu?"

"Ni gogo moja tu, lilichanganyika na mengine kutoka msituni. Hata jina hatulijui," mpasua mbao akajibu. "Chukua magome, utatupunguzia kufagia."

Mti usio na jina! Kitu chenye jina kina wajuzi wake; kisicho na jina kina daktari mmoja tu.

Akayachemsha chumbani mpaka majirani wakatoka nje, akajaza chupa. Mnunuzi alishamchagua: Mama Saluni, mjane mwenye uwezo, asiyekubali faida ipite bila kuishika mkia. Mama huyo hakutaka maneno, alitaka majaribio. Koti akampa majaribio, palepale saluni, mbele ya wateja waliofungwa taulo kichwani.

"Utepe mwekundu ni dawa," akatangaza kama anayefungisha ndoa. "Utepe mweupe ni chai ya rangi tu. Nusu ya wagonjwa watakunywa hii, nusu ile. Ndiyo sayansi, mama."

Wagonjwa wenyewe aliwaokota kijiweni. Kiongozi wao alikuwa Shemeji, kaka wa mkewe, aliyeingia akiburuta mguu. Wiki iliyofuata, wa utepe mwekundu walirudi wakicheza. Wa utepe mweupe waliendelea kuugua kwa bidii kubwa. Mama Saluni akanunua chupa zote zilizobaki, na haki ya dawa juu yake.

Koti akajiandaa kuhama mji kwa gari lake kuukuu la bluu, alilolisugua kuliko alivyousugua mwili wake. Bila gari hilo, yeye ni mwongo wa kawaida anayekimbizwa kwa miguu. Alipoinama kupakia begi, mgongo wake mbovu ukamkamata. Akabaki amekunjwa kama kiti cha harusini.

Shemeji akamsogelea. "Shem, nikwambie kitu hutacheka? Uliniambia nijifanye nimepona goti. Goti limepona kweli."

"Toka hapa!"

"Haki ya mama! Na wenzangu pia. Nilibana chupa moja. Jaribu."

Kiganja chake kilikuwa kimeizunguka chupa yote, lakini mwenye maumivu haangalii chupa, anaangalia mdomo wake. Koti akagugumia, akaitia tupu mfukoni. Akasubiri. Akajinyoosha: mgongo kimya. Akaruka: kimya! Akazunguka gari akicheza peke yake.

"Yarabi, nimeuza hazina!"

Walipofika saluni yeye na Shemeji, Mama Saluni alikuwa anamsuka mteja. "Nikurudishie dawa? Baba, hata mimi nimeanza kuinywa." Akachungulia dirishani. "Lile gari linatembea?"

Koti akarudisha fedha yote, kisha akaweka funguo za gari mezani taratibu, kama anayezika.

Mama akamrushia Shemeji zile funguo. "Dereva, twende tukatembee."

"Shemeji! Hata wewe?"

"Wewe ulisema utanilipa mambo yakikaa sawa, Shem. Mama kalipa kabla."

"Na siku nyingine," Mama Saluni akapaza sauti akiwa ameshaketi garini, "mgonjwa wako asiingie akiburuta mguu wa kulia, akatoka akiburuta wa kushoto!"

Koti akakimbilia makreti ya chupa alizorudishiwa. Utepe mweupe. Mweupe. Mweupe tena.

"Nyekundu ziko wapi?"

"Nilizimwaga chooni siku ileile niliyozinunua. Dawa kali, daktari. Zilizibua bomba!" Mama akajibu kutoka garini.

Gari likakata kona likipiga honi. Koti akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile chupa iliyomponya.

Utepe mweupe.

Papo hapo mgongo ukakumbuka kazi yake.