Nguzo Kutoka Reus

Jumatatu, 8 Septemba

Baldiri amefunga taa mpya. Magofu yake hayakumtosha, sasa na taa! Baa yake na yangu zimebanana mlango kwa mlango, kahawa ileile, bia ileile. Ila chumba chake cha nyuma ni tao zima la Kirumi, lililobaki kutoka uwanja wa mbio za farasi. Yeye hakulijenga. Alilirithi tu, kama mtu anavyorithi pua. Sasa kalimulika kutoka chini, na watalii wanaingia, wanapiga picha, wanakaa, wanakunywa. Mimi huku nina vigae vyeupe na kalenda ya kampuni ya gesi.

Leo mgeni mmoja aliingia kwangu kwa makosa. Akazunguka, akachungulia hadi jikoni, akauliza magofu yako wapi. Remei, mke wangu wa ndoa, akamwonyesha mimi.

Ningecheka, lakini nilikumbuka maneno ya jana. Mama mkwe wangu, Mama Quimeta, ndiye mwenye nyumba hii. Jana, juu ya wali wa Jumapili, alitangaza kuwa sikukuu ya Mtakatifu Tekla, msimamizi wa mji wetu, ikipita na viti vyangu vitupu kama mwaka jana, baa anampa shemeji yangu Blai, auze makava ya simu. Makava ya simu! Ujana wangu wote umeishia nyuma ya kaunta hii. Blai alikuwa akitafuna paja la kuku huku akiniangalia mabegani, kana kwamba anapima rafu zitakaa wapi. Sikukuu ni wiki mbili tu zijazo. Sikulala.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepata wazo. Lilinijia nikimenya vitunguu, kwa hiyo machozi hayakuwa ya furaha peke yake.

Hapa Tarragona huwezi kuchimba shimo la kupanda mnyanya bila kukutana na Mrumi. Kila mtu anajua. Na kila mtu anajua la kufanya: unamwaga saruji, unakunywa glasi moja, unakufa na siri yako. Maana watu wa mambo ya kale wakisikia, jiko lako si lako tena. Wanaweka utepe, wanaleta brashi, na wewe unazeeka ukisubiri. Baldiri alipona kwa sababu tao lake lilikuwa wazi tangu enzi za babu zake.

Sasa mimi nitafanya asichowahi kufanya mtu mwenye akili zake katika mji huu. Nitapata gofu na nitalitangaza. Uzuri wake ni huu: gofu lenyewe nitalinunua.

Kuna duka la mapambo ya bustani wanauza nguzo. Tatizo, duka liko Reus, mji jirani, hasimu wetu tangu zamani. Mtu wa Tarragona hanunui kitu Reus. Mama mkwe hata kikohozi akikipata huuliza kama upepo umetoka upande huo. Nimemwambia Remei nakwenda kwa daktari wa meno.

Jumatano, 10 Septemba

Nguzo imefika ndani ya blanketi. Inanifika kiunoni, ina maua juu, nyeupe pe. Nyeupe mno. Nimeiogesha kahawa nzito mara tatu, nikaipaka mtindi ili iote kuvu, nikaipiga kwa mnyororo wa baiskeli. Mnyororo ulinirudia gotini. Remei aliuliza mtindi wote umekwenda wapi. Nikasema wateja. Akanikumbusha kuwa hatuna wateja.

Nikamwita Fundi Sadurní, mwashi wa mtaa huu tangu sijazaliwa. Nilimwomba shimo dogo katika chumba cha mapipa, nguzo ikae nusu ardhini, nusu juu, ionekane imejitokeza yenyewe. Alinigusa paji la uso. Akaniuliza kama nina homa. Akasema watu wa mji huu humwita azike, na yeye kazika Warumi wengi kuliko vita vyote walivyopigana, leo mimi namwita afukue? Nikamweleza kwamba huyu si Mrumi, ni wa saruji. Akasema basi ni mbaya zaidi, maana Mrumi wa kweli angalau alikuwa hapa kwanza.

Alikubali nilipomwahidi sahani ya jodari na konokono, ile ya sikukuu. Kila binadamu ana bei yake, na ya Sadurní ina magamba.

Alhamisi, 11 Septemba

Leo sikukuu ya taifa. Ofisi zote zimefungwa, mtaa mzima bendera na ngoma. Nani atasikia sururu? Mtu mwenye akili hupanga mambo yake.

Sadurní alichimba peke yake, mimi nikilinda mlango na kupunga bendera. Kuna wakati sururu iligonga kitu kigumu, nikasikia kimya kirefu, kisha mwiko ukikwaruza. Nilipomuuliza, alisema ni jiwe tu na ameliweka sawa. Sikufuatilia. Kila fundi na mambo yake.

Nguzo imesimama! Imeinama kidogo upande wa kushoto, kwa huzuni, kama mjane wa heshima. Nimeimwagia vumbi la kifyonzavumbi. Nimeandika kibao kwa mkono wangu: GOFU LA KIRUMI NDANI. KUTAZAMA NI BURE KWA ANYWAYE.

Ijumaa, 12 Septemba

Wamekuja! Meli kubwa ya watalii ilitia nanga asubuhi, na kufika saa nne walikuwa wamepanga foleni hadi kwenye ngazi za kanisa kuu. Mama mmoja aliigusa nguzo akafumba macho. Aliniambia anawasikia farasi. Nilimwambia wengi huwasikia, hasa baada ya glasi ya pili.

Mama Quimeta alishuka mwenyewe kuona. Akaletewa kiti, akakaa kando ya nguzo kama bibi arusi kando ya keki. Akaniita mwanangu. Tangu nimwoe binti yake nimeitwa wewe, huyu na fulani. Leo mwanangu! Nikaenda kuosha glasi zilizokwisha oshwa.

Blai alikuja pia na futi ya kupimia. Alirudi nayo mfukoni.

Jioni Baldiri aliingia. Mikono nyuma, mwendo wa pole. Akainama, akaitazama nguzo, akainusa. Akanusa tena. Kisha akanipa mkono na kusema kahawa yangu imeboreka sana. Sikupenda alivyotabasamu.

Jumamosi, 13 Septemba

Watu. Watu. Watu. Bia imeisha mara mbili. Remei amenibusu mbele ya wateja. Amesema labda alinifikiria vibaya miaka hii yote. Nikamwambia nimesamehe.

Nimeongeza maneno kwenye kibao. Sasa nguzo ni ya jumba la mfalme. Kama mtu anaamini kidogo, ataamini na zaidi.

Jumatatu, 15 Septemba

Siku ya balaa. Naandika nimejifungia chooni, na neno hilo litarudi.

Asubuhi aliingia mwanamke mwembamba mwenye kofia ya jua na brashi mfukoni mwa shati. Dakta Neus, wa ofisi ya mambo ya kale. Nyuma yake Baldiri, mkono kifuani. Akatangaza mbele ya wateja wote kwamba kama jirani mwema ameona si vizuri furaha yangu nibaki nayo peke yangu. Mnafiki yule! Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kinauza bia mlango wa pili.

Dakta Neus aliitazama nguzo kwa muda usiotosha kupuliza chai. Akaing'oa na kuilaza. Chini kulikuwa na kibandiko. Sikukiona! Nani hutazama nguzo chini? Akakisoma kwa sauti: jina la duka, na mji. Reus.

 Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake. Nilijiandaa kwa neno mwongo, na neno tapeli nilikuwa na jibu lake tayari. Hakusema lolote katika hayo. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli nilitoka, nikapanda basi, nikaenda Reus, kwa hiari yangu, nikawapa watu wa Reus pesa ya nyumba hii. Nikasema ndiyo, mama. Akainuka. Remei akaniuliza kuhusu jino. Nikasema linauma sana.

Ningefukuzwa saa ileile, ikawa basi. Lakini Dakta Neus alikuwa bado kapiga magoti shimoni. Akauliza nani kapaka saruji mbichi huku chini. Akaomba kijiko. Nikampa kijiko cha aiskrimu, kwa adabu. Akakwangua, akakwangua, akavua kofia kama watu wanavyovua wakiingia kanisani. Kisha akaomba watu wote watoke.

Sadurní ameitwa. Ameungama papo hapo. Sururu iligonga jiwe la kuchongwa, zuri, la Warumi halisi, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye ndoo ya saruji. Amesema hakufikiri. Ameapa kwa Mtakatifu Tekla kwamba miaka yote mkono umefanya hivyo na hakuna aliyewahi kulalamika. Kwa hiyo mwanamume huyu alilifunika gofu la kweli, kisha akasimika juu yake lile la uongo, akala konokono wangu, akaenda nyumbani kulala.

Jumanne, 16 Septemba

Utepe mlangoni kwangu. Mimi nje.

Nilimsubiri Dakta Neus atoke. Alitoka na udongo hadi kwenye nyusi, anang'aa kwa furaha. Akanishika mikono yote miwili. Akasema ni kitu adimu, kimekaa vizuri ajabu, hajaona kama hicho maishani. Moyo wangu ukapaa. Nikauliza ni hekalu? Ni kiti cha mfalme?

Ni choo.

Choo cha umma cha uwanja wa farasi. Benchi la mawe lenye matundu, watu walikaa bega kwa bega wakizungumzia mbio. Nikauliza nitafungua lini. Akasema kazi hii haina haraka. Nikamwambia sikukuu ni Jumanne ijayo. Akasema kwa upole kwamba choo kimesubiri karne nyingi, nami naweza kujaribu kusubiri kidogo.

Ijumaa, 19 Septemba

Wachimbaji wote wanakula kwa Baldiri. Asubuhi, mchana, na katikati. Watu wanaotaka kuona choo changu wanachungulia kupitia dirisha langu la pembeni, na mahali pazuri pa kuchungulia ni kwenye meza za Baldiri. Kaongeza meza sita. Kaweka kibao: HAPA CHOO CHAONEKANA. Choo changu!

Mama Quimeta pia kahamishia kiti chake huko. Hanisemeshi. Salamu zangu anazipokea kupitia kwa Remei.

Ila leo kuna jambo lililonipa nguvu. Blai alikuja na fundi wa rafu zake. Dakta Neus aliwasimamisha mlangoni akawaambia mle ndani haupigiliwi hata msumari, leo wala kesho, wala wajukuu wa Blai wakizaliwa. Blai akaondoka na makava yake. Basi baa haikumwendea Blai. Haijanibakia mimi, lakini haikumwendea Blai. Nilikwenda nyuma ya gari la takataka nikacheka peke yangu. Kisha nikakumbuka sina kazi, nikaacha.

Jumanne, 23 Septemba. Mtakatifu Tekla

Kengele tangu alfajiri. Uwanjani watu wamepanda mabegani mwa wenzao, ule mnara wa watu wa kila sikukuu, ghorofa juu ya ghorofa, mpaka mtoto wa juu akainua mkono na mji mzima ukapumua. Mimi niliona kwa jicho moja. Jingine lilikuwa kwenye trei.

Ndiyo, trei ya Baldiri. Alinijia juzi, akasema jirani ni jirani, na watu wengi mno wanamuuliza mwenye choo ni yupi. Kanivalisha aproni. Nimegawa kile kileo cha kijani cha sikukuu, chenye barafu ya limau, hadi vidole vimekufa ganzi. Wageni wamepiga picha nami. Mmoja aliuliza kama ukoo wetu umekuwa na choo hicho tangu zamani. Baldiri akajibu kabla yangu kwamba ukoo huu ulikuwa ukienda Reus. Meza nzima ilicheka, na aliyecheka zaidi alikuwa mama mkwe wangu.

Baadaye, masalia ya mtakatifu yaliporudishwa kanisani na fataki zikilia, Mama Quimeta aliniita. Mara ya kwanza tangu siku ile. Aliniambia trei naibeba vizuri. Akasema angalau sasa kuna watu ninaowahudumia, na Remei kaacha kulia usiku. Akanisogezea sahani yake ya jodari na konokono, nusu haijaguswa, akasema kula, mwanangu. Nikala nimesimama. Sikuweza kumtazama usoni.

Remei alinishika mkono tukienda nyumbani. Akasema sasa nitulie. Mshahara upo, mama kapoa, Baldiri si mbaya kama nilivyodhani. Nikamwambia yuko sahihi. Nimetulia.

Jumatano, 24 Septemba

Nimetulia, lakini nimewaza.

Asubuhi nilikuwa nafagia chumba cha nyuma cha Baldiri, chini ya lile tao lake. Pembeni sakafu ni ya udongo mtupu. Udongo laini. Shimo dogo tu, kitu cha Kirumi ndani yake, kisha simu moja kwa Dakta Neus, nami kama jirani mwema nitakuwa nimeona si vizuri furaha yake abaki nayo peke yake. Utepe mlangoni kwake. Tuone.

Nilimdokezea Sadurní. Aliuliza Baldiri akifungwa, mimi nitabeba trei ya nani. Mzee huyu hupotelea kwenye mambo madogo madogo.

Nimelipigia simu lile duka la Reus. Nguzo zimeisha, lakini wana sanamu za wanawake wasio na vichwa. Nimeagiza moja. Nimemwambia Remei jino limerudi, na kesho napanda basi la kwanza. Safari hii nitabandua kibandiko.