Sanduku la Besi

Jumapili, 14 Julai 2024

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo la kweli kuliko yote.

Jana tulipiga kwenye sherehe ya kipaimara hapa mjini. Saa sita nzima nimesimama, besi begani, mgongo unalia, baridi ya Sumbawanga inapenya mpaka kwenye mifupa. Leo baada ya misa nikaona nipate maoni ya wasikilizaji. Nikamwuliza katekista besi aliionaje. Akasema wali ulikuwa mzuri. Nikamwuliza mama mwenye sherehe. Akauliza besi ni yule kijana mnene?

Nikamwuliza Avelina, mke wangu. Akasema kwa upole kwamba siku zote alidhani lile gitaa namshikia mtu. Tuna miaka kumi na miwili ya ndoa!

Jioni mazoezi. Zenon, kiongozi wetu na mpiga solo, akatoa tangazo. Loth wa kinanda amenunua kinanda kipya, na mkono wake wa kushoto unapiga besi yote. Sasa Jumamosi tunapiga harusi ya kijana wa Mzee Masunga, wale Wasukuma wafugaji wa ng'ambo ya Mwimbi. Zenon atasikiliza. Baada ya hapo ataamua kama Bendi ya Nyota ya Kwela bado inahitaji mtu wa besi.

Loth akanisogelea na kusema pole, mzee. Mzee! Tumepishana miaka mitatu. Ndiye huyo anayeniamkia shikamoo mbele za watu, kwa sauti, ameinama kabisa. Nami naitika marahaba. Nifanyeje? Nisipoitika nitaonekana sina adabu.

Jumatatu, 15 Julai

Kutwa nzima mashineni, nasaga mahindi ya watu na kuwaza. Unga mpaka kwenye kope.

Mpango wa kwanza: mkono wa kushoto wa Loth. Sitaki aumie. Nataka uchoke tu. Nikampigia simu kumwomba aje anisaidie kushusha magunia, nikidai mgongo unanisumbua. Akaja baada ya kutoka shuleni anakofundisha. Akashusha magunia tisa huku anapiga mluzi. La kumi nikalishika mimi, kwa kumwonyesha. Likanibana kidole gumba.

Loth akanifunga kitambaa. Akasema nipumzike, umri nao una mambo yake. Nimemchukia kuliko jana.

Jumanne, 16 Julai

Gumba limevimba. Hata hivyo nimepata akili. Tatizo si mimi. Tatizo ni spika! Besi yangu inapitia kwenye kaspika kadogo kama sufuria ya chai. Nani ataisikia?

Na spika kubwa ninayo. Inchi kumi na nane. Niliinunua Kasanga kwa mwenye boti mmoja aliyesema ilitoka kwenye ukumbi wa dansi huko Kongo. Iko uvunguni mwaka wa pili sasa kwa kukosa sanduku. Nimemwambia Avelina kwamba Jumamosi atanisikia. Akauliza kama itabidi yeye afanye chochote. Nikasema hapana. Akasema basi sawa.

Jumatano, 17 Julai

Nimekwenda kwa Theodory, fundi seremala. Anatengeneza vitanda, milango na majeneza. Nikamweleza: sanduku imara, refu, mbao nene, kabla ya Ijumaa. Akacheka. Kwa siku mbili haiwezekani. Labda, akasema, akaangalia huku na huku, akanivuta nyuma ya banda.

Pale palikuwa na jeneza. Jipya, limepigwa vanishi. Ndugu wa mgonjwa fulani waliliagiza mapema ili wasihangaike siku yenyewe. Mgonjwa akapona! Sasa anakunywa pombe ya ulezi kila Jumapili, na ndugu zake wanaona aibu kuja kulichukua. Theodory anataka nafasi yake. Akaniambia nilibebe tu.

Nikaligonga kwa ngumi. Duuu! Sauti iliniingia hadi tumboni. Sanduku lenye sauti kama hiyo sijawahi kuliona.

Alhamisi, 18 Julai

Theodory amekata tundu la duara kwenye kifuniko. Spika imekaa sawasawa. Tumeng'oa msalaba. Nikamwuliza kama bado linafanana na jeneza. Akalizunguka mara mbili, akasema inategemea mtu amefiwa lini.

Vishikio vinne vya shaba nimeviacha. Vinasaidia kubeba.

Ijumaa, 19 Julai

Avelina amelikuta sebuleni. Amefanya ishara ya msalaba na kwenda kulala kwa dada yake. Kesho ataondoka na wanawake wa kwaya, nao wamealikwa harusini. Nimebaki na sanduku. Nimelifunika kitenge kwa ajili ya vumbi la njiani.

Nimepiga mazoezi taratibu. Gumba linauma. Jirani amekuja kuuliza kama kuna tetemeko. Nalala na furaha, kitu ambacho sikumbuki mara ya mwisho kilitokea lini.

Jumamosi, 20 Julai

Naandika nimelala kifudifudi. Mgongo.

Tuliondoka alfajiri kwa pikapu. Baridi kali, umande umeganda kwenye majani. Sanduku katikati, limefunikwa kitenge. Sisi tumekaa pembeni, wawili huku, wawili kule, tumejifunika mablanketi mpaka puani, hakuna anayesema kwa sababu ya baridi na usingizi. Zenon alishangaa kidogo kuona mzigo wangu. Nikamwambia atasikia.

Na hapo ndipo nilipoanza kuona mambo. Barabara nzima watu walituheshimu! Wenye baiskeli walishuka. Lori la mahindi lilisimama pembeni kutupisha. Wanawake waliokuwa wanakwenda shamba waliweka majembe chini, wakasimama kimya. Nikamnong'oneza Zenon kwamba Nyota ya Kwela imeanza kujulikana. Pale Mwimbi mzee mmoja alivua kofia. Nikampungia mkono. Alinitazama vibaya sana.

Tukafika kwa Mzee Masunga. Boma kubwa, maturubai, jenereta linanguruma, wanawake wamejipanga wanapiga vigelegele kutupokea. Pikapu ikageuka ili turudi kinyumenyume. Vigelegele vikakatika. Kisha kikaanza kilio.

Sijawahi kusikia kilio kama kile. Shangazi wa bwana harusi alijitupa chini, anauliza ni nani, ni nani, ni Shigela? Shigela ni kaka yake huyo shangazi, yuko Kahama, juzi alisema ana homa. Wengine wakadakia kwamba ni Shigela. Wanaume wanne, watu wazima wenye machozi, wakapanda kwenye pikapu, wakashika vishikio vyangu vya shaba, wakaliteremsha sanduku kwa heshima zote.

Zenon ndiye aliyevuta kitenge. Wakaiona spika.

Hata hivyo shangazi hakunyamaza. Alisema spika haizuii mtu kufa. Ikabidi kijana mmoja apande juu ya kichuguu kutafuta mtandao ampigie Shigela. Ikachukua saa nzima. Shigela alipokea akiwa anakula. Mzima! Shangazi akampokonya yule kijana simu na kumgombeza Shigela kwa kumtia hofu.

Wazee wakakaa pembeni, wakateta. Uamuzi: kitu kile hakipiti mlangoni siku ambayo bibi harusi anaingia. Kikae nje. Nje maana yake nyuma ya uzio, ubavuni mwa zizi la ng'ombe. Loth akajitolea kuniungia nyaya. Akasema shikamoo kwanza.

Nikasimama jukwaani, sanduku langu halionekani, liko kule na ng'ombe. Moyo uliniuma, lakini nikajipa matumaini. Wakija wajomba na zawadi zao wanacheza, hapo ndipo pangu. Zenon akahesabu. Loth akaanza na kinanda, mkono wake wa kushoto unajifaragua. Nikazungusha kitufe cha sauti hadi mwisho. Nikagusa uzi.

Niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma. Nilijisikia. Kwa mara ya kwanza tangu nishike besi, nilijisikia mwenyewe. Ardhi ilitikisika. Soda zilitembea mezani. Nilimwona Avelina kati ya wanawake wa kwaya, ameweka mkono kifuani, ananitazama mimi, siyo Zenon, siyo Loth. Machozi yalinilengalenga. Kama dakika moja hivi. Labda chini ya hapo.

Kisha zizi likavunjika.

Ng'ombe wote! Walitoka kama maji ya mvua, wakapita kati ya turubai la wanaume na meza ya keki, wakateremka moja kwa moja mpaka uwanja wa kupuria wa jirani, Mzee Gabriel. Huko ulezi wake wote wa mwaka huu ulikuwa umelundikwa unasubiri kupigwa. Mzee Gabriel mwenyewe alikuwa mgeni harusini, ameshika mfupa. Aliuangusha.

Upande wote wa bwana harusi ukakimbia. Bwana harusi alikuwa wa kwanza, suti, ua kifuani, viatu vyenye ncha, na nakiri anakimbia vizuri. Shangazi akakimbia pia. Nikaacha kupiga. Loth hakuacha. Akabadilisha mdundo, akawapigia wa kukimbilia, kasi, mkono wa kushoto unanguruma, na wageni waliobaki wakasimama kwenye viti wakishangilia. Ng'ombe akirudishwa, Loth anapiga kipande cha ushindi. Makofi! Vigelegele! Kwa Loth!

Ng'ombe wa mwisho alirudi karibu na jua kuzama. Mzee Masunga akaja jukwaani, ametulia kabisa, ameshika fimbo yake. Akauliza ni nani aliyekuwa anapiga kile kitu. Wote wakanionyesha, hata mpiga ngoma ambaye hatuna ugomvi naye. Nikamwamkia. Akaitika. Akasema amechunga miaka arobaini, amekutana na radi, fisi na simba, na hakuna hata kimoja kilichowahi kumtolea zizi zima kwa mara moja.

Nikamshukuru.

Jumapili, 21 Julai

Sikwenda misa. Avelina alikwenda, akarudi na salamu. Watu wote wa parokia wanajua habari za Mwimbi. Watoto wa jirani wakiniona wanalia moo.

Nikamwuliza Avelina kama kweli alinisikia. Akasema ndiyo. Akasema ilimwingia hadi mbavuni, na kwamba ilikuwa nzuri kidogo, pale mwanzoni. Kisha akasema niliuze lile sanduku, nikae nyumbani Jumamosi kama waume wengine, mgongo upone. Alisema kwa mapenzi, naye hana kawaida ya kubembeleza. Nikasema nitafikiria.

Jumatatu, 22 Julai

Nimekwenda Mwimbi kwa bodaboda kusaidia kupepeta ulezi wa Mzee Gabriel uliochanganyika na samadi. Kutwa nzima. Zenon ndiye aliyepanga twende wote. Loth amekuja amevaa miwani ya jua, amepepeta kwa mkono wa kushoto. Mzee Gabriel ametugawia togwa. Mimi kikombe kidogo.

Jumanne, 23 Julai

Zenon amekuja nyumbani. Uamuzi: besi itapigwa na Loth. Lakini bendi ya watu watatu jukwaani inaonekana pungufu, na mimi nimezoeleka. Basi niendelee kusimama na gitaa langu palepale, shati la bendi, nicheze vidole. Ila waya usichomekwe popote.

Nilimsikia mpaka mwisho. Miaka yote hii, na sasa natakiwa nifanye kwa makusudi kile ambacho watu walidhani nakifanya. Avelina, aliyekuwa mlangoni, akanitikisia kichwa nikatae. Nikaona jinsi alivyosimama, nikajua yuko sahihi.

Nikamwambia Zenon nimekubali.

Jumamosi ijayo tunapiga Kasanga, ufunguzi wa ghala la samaki, pale pale gatini. Jioni nimepita kwa Theodory na kumwomba anitafutie mita hamsini za waya, mweusi, mwembamba, wa kupitisha chini ya jukwaa mpaka nyuma ya ghala. Sanduku litatangulia Alhamisi na gari la mahindi. Hakuna atakayeliona, na kitufe kiko mikononi mwangu.

Kasanga hakuna ng'ombe. Nimeulizia.