Walimu Wote Wataanza Kujifunza Jumatatu

Idara ya Elimu ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, walimu wote nchini wataanza kujifunza. Tangazo lilisomwa redioni mara tatu, likabandikwa kwenye mbao za matangazo, na wananchi wakaombwa watulie. Kabla ya hapo walimu walikuwa wakifundisha tu, na kama kuna aliyejifunza kitu, alijifunza kiholela, bila kibali.

Chombo cha kazi hiyo kiliitwa Jalada Binafsi la Mtandaoni la Kuhifadhi Kumbukumbu za Kujifunza kwa Mwalimu. Kamati ya Vifupisho ilikaa siku tatu kukitafutia kifupisho, ikashindwa, ikaomba siku nyingine tatu. Walimu wenyewe waliimaliza kazi hiyo wakati wa mapumziko ya saa nne: wakaliita jalada, basi. Kila mwalimu angefungua la kwake mtandaoni, aweke picha yake, kisha aandike masomo arobaini aliyojifunza kazini, kila moja na ushahidi wake. Asiyekuwa na jalada lililoidhinishwa asingepanda cheo, asingepewa likizo, na asingehamishwa.

Neno hilo la mwisho ndilo lililomgusa Mwalimu Sehemu.

Jina hilo alipewa na wanafunzi wa darasa la nne, kwa kuwa kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiwafundisha sehemu katika hesabu kwa kukata karatasi, kamba, miche ya sabuni na, safari moja, fimbo ya Mwalimu Mkuu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkali wa macho na mwepesi wa kucheka. Barua yake ya kuomba uhamisho ilikuwa makao makuu huu mwaka wa nne. Aliomba apelekwe shule yoyote ya mjini, karibu na mama yake, ambaye macho yalikuwa yamepungua nguvu na miguu imeanza kumsaliti. Kila alipoulizia, aliambiwa barua iko mezani. Hakuna aliyewahi kumwambia ni meza ya nani.

Jumapili, siku moja kabla ya kujifunza kuanza, mdogo wake alimpigia simu kutoka kwa mama.

"Dada, mama kaanguka tena. Bafuni."

"Kaumia?"

"Mkono tu, tumeufunga. Lakini dada, sisi tunaondoka mwisho wa mwezi. Mume wangu kazi yake imeshahamia mkoa mwingine, na nyumba tumepata. Mama anasema haendi popote. Atabaki hapa na redio yake."

"Akianguka, redio itamnyanyua?"

"Nimemuuliza hivyo hivyo. Kaongeza sauti ya redio."

Mwalimu Sehemu aliweka simu chini, akalia kidogo, akanawa uso. Kisha akapiga hesabu, kwani ndiyo dawa yake ya kila kitu. Mpaka mwisho wa mwezi zilibaki siku ishirini na tatu. Masomo arobaini kwa siku ishirini na tatu ni chini kidogo ya mawili kwa siku. Aliona linawezekana.

Jumatatu alifika Mwezeshaji, kijana aliyetumwa na Idara kuwasaidia walimu, kompyuta begani, viatu vimechongoka. Shule haikuwa na mtandao isipokuwa nyuma ya vyoo, kwenye rundo la matofali, ukisimama juu ya tofali la tatu na kuinua simu. Mwezeshaji alipakagua mahali hapo, akapaita Kituo cha Muunganisho, akapanga zamu. Tangu siku hiyo walimu walishinda foleni nyuma ya vyoo wakisubiri kujifunza, na madarasa yakabaki yenyewe, hali ambayo taarifa ya wiki iliieleza kuwa ni "ongezeko la kujitegemea kwa mwanafunzi."

Somo la kwanza la Mwalimu Sehemu lilikuwa la kweli tupu. Aliandika kwamba kwa miaka kumi na moja aliwaambia watoto ukizidisha, namba inakua. Siku moja msichana mmoja akamuuliza nusu mara nusu ni ngapi. Akakokotoa ubaoni, akalitazama jibu, akaona namba imepungua. Darasa zima likamwangalia yeye, naye akaliangalia darasa. Siku hiyo alijifunza.

Mwezeshaji aliisoma habari hiyo akiwa amesimama kando ya matofali, akaguna.

"Mama, hili halipiti."

"Lina kosa gani, mwanangu?"

"Linaonyesha ulikuwa hujui."

"Si ndiyo maana nikajifunza?"

"Kujifunza hakuna ubaya. Idara inahimiza sana kujifunza. Tatizo ni huku nyuma, kabla hujajifunza." Akashusha sauti, maana alikuwa kijana mwenye adabu. "Mwalimu alikuwa hajui, na akafundisha miaka kumi na moja! Hilo ni suala la nidhamu, mama. Nikilipitisha, naona kabisa unaitwa kujieleza."

"Sasa mtu atajifunzaje kitu ambacho tayari anakijua?"

"Wenzako wanaweza. Mkurugenzi mwenyewe ameweza mara arobaini."

Hakutia chumvi. Mkurugenzi wa Idara alikuwa ameliweka jalada lake hadharani liwe mfano kwa taifa. Somo la kwanza lilisema: "Nimejifunza kuwa uongozi bora, ambao nimekuwa nao siku zote, ni muhimu." La pili: "Nimejifunza kuuthamini mchango wangu." La tisa: "Nimejifunza kusikiliza, hasa ninapozungumza." Ushahidi ulikuwa picha arobaini za Mkurugenzi akikata utepe. Mwanzo hadi mwisho hapakuwa na mahali palipoonyesha kwamba aliwahi kutojua kitu, na wataalamu walilipa alama mia kwa mia.

Walimu nao si wajinga. Kwa nini mtu avunjike mguu kwenye matofali wakati jalada kamilifu lipo? Walilibeba zima zima, wakabadilisha jina la juu. Mwalimu wa sayansi alilinakili kwa dakika nne. Mwalimu wa michezo alifanya haraka mno, akasahau kuyatoa maneno "nikiwa Mkurugenzi wa Idara hii," nalo likaidhinishwa vilevile, pamoja na salamu za pongezi. Mwalimu Mkuu, kwa kuwa ni mkuu, alimwachia mtu mwingine amnakilie.

"Nakili tu, dada," mwalimu wa sayansi alimwambia Mwalimu Sehemu kwenye foleni. "Mfikirie mama."

"Namfikiria kutwa."

"Sasa unangoja nini?"

"Nikinakili, nitasimamaje mbele ya watoto?"

"Kwa miguu miwili, kama sisi."

Alasiri ya siku ya mwisho ya kutuma majalada, wiki moja kabla ya mwezi kwisha, Mwalimu Sehemu alipanda tofali la tatu, jalada la Mkurugenzi likiwa wazi kwenye simu yake. Ilibaki kubonyeza mara moja tu. Alimwona mama yake chini kwenye sakafu ya bafu, mkono umefungwa, redio ikisoma matangazo chumba cha pili. Moyo ulimuuma kwelikweli. Halafu akajishangaa mwenyewe: kidole kilikwenda kwingine, kikatuma arobaini zake. Lilikuwemo la nusu mara nusu. Lilikuwemo la mtoto ambaye yeye alimchapa kwa kusinzia, kabla ya kujua kwamba mtoto huyo alikuwa akiamka alfajiri kuchota maji ya nyumba nzima. Lilikuwemo la barua ya mzazi aliyoicheka, kumbe mzazi alikuwa na haki.

Jibu lilikuja kabla hajashuka: LIMEKATALIWA. SABABU: MHUSIKA ALIKUWA HAJUI. Lilikuja mara arobaini, moja kwa kila somo. Mwezeshaji alimshika mkono kumsaidia kushuka, akamwambia pole, na alimaanisha.

Nchi nzima walimu elfu sita mia mbili na kumi na mmoja walifaulu. Mmoja alishindwa. Idara ikamwita huyo mmoja makao makuu siku ya kilele, akae kiti cha mbele kabisa, kama mfano wa kutoigwa.

Ukumbi ulijaa walimu, maafisa na maua ya plastiki. Mkurugenzi alipanda jukwaani akiwa na miwani mipya. Alieleza kwamba asubuhi ile ile alikuwa amefungua jalada lake na kubadilisha picha, kwa sababu ya zamani haikuwa na miwani hiyo, na kwamba hilo linathibitisha kuwa kiongozi hajifunzi mara moja akaacha. Kisha akazindua kazi aliyoionea fahari kuliko zote: Mtambo wa Kuwafichua Wanakili. Mtambo huo ungesoma majalada yote ya nchi na kumtaja kila aliyechukua kazi ya mwenzake.

"Mtambo huu hauna ndugu!" alisema akijipiga kifua. "Hauna rafiki! Haujui cheo cha mtu! Nimeagiza usiweze kuzimwa na yeyote, hata mimi!"

Walimu walipiga makofi kwa viganja vilivyolowa jasho. Mwalimu wa michezo aliomba ruhusa ya kwenda kujisaidia, akaambiwa asubiri.

Mkurugenzi akabonyeza kitufe. Mtambo ulifanya kazi kwa kanuni moja, rahisi na ya haki: majalada yakifanana, lenye tarehe ya mwisho ndilo nakala, na mengine yote ni ya waliodhulumiwa. Ulinguruma kidogo, kisha maandishi yakajitokeza kwenye kioo kikubwa:

MAJALADA YALIYOSOMWA: 6,213. YANAYOFANANA: 6,212. LILILOGUSWA MWISHO: LEO ASUBUHI, SAA MOJA NA NUSU. MNAKILI: MKURUGENZI WA IDARA. WALIODHULUMIWA: WALIMU 6,211.

Mwalimu wa michezo hakuhitaji tena kwenda kujisaidia.

"Uzime!" Mkurugenzi alimnong'oneza fundi wa mitambo, kipaza sauti kikiwa wazi.

"Hauzimiki, mkubwa. Agizo lako, aya ya tatu."

"Lakini mimi ndiye niliyeliandika lile jalada!"

"Aya ya tano inasema wanakili wote watadai hivyo, mkubwa. Tusiwasikilize."

Kioo kikaendelea na kazi yake. Adhabu, kwa mujibu wa kanuni, ni mnakili kurudi darasani kama mwanafunzi kwa muhula mzima, chini ya mwalimu ambaye jalada lake halifanani na la mtu. Mtambo ulitafuta mwalimu wa namna hiyo, ukampata mmoja. Ukumbi mzima uligeukia kiti cha mbele. Mwalimu Sehemu naye aligeuka kutazama nyuma yake, akidhani kuna mtu.

Ilibaki shida ndogo ya usafiri. Kanuni ya kumi na mbili, ambayo Mkurugenzi aliiongeza kwa mkono wake, ilisema afisa mwandamizi asisumbuliwe kwa safari za mbali. Pale inapobidi, mwalimu atamfuata aliko. Basi barua iliyoshindwa kusogea kwa miaka minne ikapatikana ndani ya dakika kumi, ikagongwa mhuri mwekundu, na Mwalimu Sehemu akahamishiwa darasa la nne katika shule iliyo nyuma ya makao makuu, "ili kumwondolea Mkurugenzi usumbufu." Kutoka shuleni hapo mpaka nyumbani kwa mama yake ni mwendo wa dakika nane kwa miguu, kumi ukikutana na watu.

Alifika siku mbili kabla ya mdogo wake kuondoka. Alimkuta mama amekaa kwenye kochi, mkono umefungwa, redio mapajani. Mwalimu Sehemu alipiga magoti, akamkumbatia pamoja na redio yake, na furaha ikamshinda hata akashindwa kuamkia.

"Nani kakuleta, mwanangu?" mama aliuliza akimpapasa uso.

"Mkurugenzi, mama."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Bila yeye nisingefika."

"Mungu amzidishie."

"Tunaanza na kujumlisha kwanza, mama."

Jumatatu iliyofuata Mkurugenzi aliwasili shuleni kwa gari la Idara. Dereva alimbebea mkoba mpaka kwenye dawati la nyuma, akampangusia vumbi, akapiga saluti na kuondoka. Magoti ya Mkurugenzi hayakuingia chini ya dawati, kwa hiyo aliketi upande. Mwalimu Sehemu aliwasalimu wote kwa usawa, akaandika maswali matano ubaoni, akawapa dakika kumi.

Mkurugenzi aliyatazama maswali hayo kwa heshima. Kwa miaka mingi kila swali lililomfikia lilikuwa limekwisha kujibiwa na wasaidizi, yeye akiweka sahihi tu. Alitoa simu ili ampigie msaidizi. Ikachukuliwa na kiranja wa darasa. Alikohoa. Alirekebisha miwani. Mwishowe aliinamia taratibu upande wa jirani yake, msichana wa miaka tisa au kumi, ambaye alilifunika daftari lake kwa mkono mzima mpaka kwenye kiwiko.

"Mwalimu! Huyu baba ananichungulia!"

Darasa lote likageuka. Mkurugenzi alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Nilikuwa napitia kazi ya mwenzangu," alisema, "kwa lengo la kubadilishana uzoefu."

"Chukua daftari lako," Mwalimu Sehemu akamwambia, bila ukali wowote. "Njoo dawati hili la mbele, ukae peke yako."

"Mwalimu, uhamisho una taratibu zake. Kwanza niandike barua, ipelekwe..."

"Baba, pita tu hapo katikati."

Watoto walivuta miguu yao kumpisha. Mkurugenzi akabeba daftari, kalamu na mkoba, akapita katikati ya madawati, akakaa mbele. Uhamisho wake ulichukua nusu dakika.