Kamera Nne na Pazia Moja

Jumatatu, 19 Februari

Halua imepungua tena! Kopo limetoka Maskati mikononi mwa dada yangu, likawekwa kabatini saloni kwa ajili ya wageni wa Jumapili, na leo asubuhi limefika nusu. Nimemwuliza mke wangu, Thuwaiba. Hajui. Nimemwuliza binti yetu, Marwa. Akasema ana mambo mengine ya kufikiria. Ni kweli, Jumapili wanakuja kumposa. Lakini halua ni halua.

Namshuku Moosa, kaka yake Thuwaiba. Kila siku anakuja kusalimia, na kila siku anaondoka akijifuta vidole.

Nimeamua. Kamera! Niione nyumba yangu nikiwa kitandani, nikiwa dukani, nikiwa nangoja chai. Thuwaiba akaweka sharti moja: ndani, nyuma ya pazia, wanawake wanavua mitandio na kukaa watakavyo, basi huko kamera isiingie hata moja. Nikakubali papo hapo. Mimi ni mtu wa dini. Zitakuwa nne: getini, uani, stoo, na hapa saloni, ambapo tunakaa wanaume na wageni wetu, na ambapo naandika shajara hii. Sioni ubaya wowote.

Jumanne, 20 Februari

Fundi Jovithe amekuja kutoka mtaa wa Rohero kwa miguu, ngazi begani, maana petroli hakuna mji mzima. Akaniambia: "Apana shida, patroni. Mi naweka, we utaona nyumba yote." Mtu wa kazi. Nimempenda.

Kamera ya saloni ndiyo fahari yake. Ameifunga ukutani juu ya meza yangu ya kuandikia. Ina masikio, inasikia hata mtu akitafuna. Ukiivuta karibu, inasoma herufi ndogo kwenye kopo la maziwa. Tukajaribu. Maziwa yamepita tarehe. Thuwaiba akakasirikia maziwa, kamera hakuisifu.

Jovithe akauliza picha zionekane wapi. Kila mahali! Kwenye simu yangu, kwenye televisheni ya saloni, na kwenye ile kubwa ya ndani, nyuma ya pazia, ambako huwa nalala kidogo baada ya chakula cha mchana. Akauliza mara ya pili kama kweli nataka na ile ya ndani, kwa wanawake. Nikamwambia asinifundishe nyumba yangu. Akaunganisha. Na sharti la Thuwaiba limeheshimiwa, kamera haziangalii ndani hata kidogo.

Jumatano, 21 Februari

Mwizi ameonekana kwenye picha zilizohifadhiwa! Saa moja asubuhi. Mtu mnene, mgongo kwa kamera, anafungua kabati polepole kama anayefungua mlango wa mgonjwa. Nikamwita Thuwaiba haraka aje amwone kaka yake. Mtu akageuka, kijiko mdomoni. Ni mimi.

Thuwaiba akataka kujua daktari alisema nini juu ya sukari. Nikamweleza kwamba vipande vyangu ni vidogo mno, haviwezi kumaliza nusu kopo. Lazima kuna mwingine. Uchunguzi unaendelea.

Sasa nieleze jambo zito zaidi. Baba wa kijana anayemposa Marwa ni Yahaya. Ndiyo, yuleyule! Duka lake la vyombo linatazamana na langu la vyombo. Na miaka tisa sasa ni mwenyekiti wa kamati ya futari pale msikitini. Mwenyekiti ndiye anayeshika kipaza sauti na kusoma majina ya waliochangia. Mwaka jana nilitoa magunia manne ya mchele, yaliyokuja kwa meli kutoka Kigoma. Jina langu likasomwa baada ya mtu aliyeleta kiberiti. Kiberiti! Tena kimoja!

Zayd mwenyewe, kijana wake, sina neno naye. Anashughulikia mizigo bandarini na anasalimia vizuri. Marwa amemngoja miaka miwili ajipange. Ameniambia waziwazi kwamba Jumapili ikiharibika hataki kusikia habari ya mwanaume mwingine, na Marwa si mtu wa kutishia bure. Ndiyo maana naona hii ni nafasi nzuri.

Alhamisi, 22 Februari

Simu ikalia nikiwa dukani. Kuna mtu getini! Nikaangalia. Lahaula! Kitu cheusi, chenye manyoya, kikubwa kuliko geti, kinapanda taratibu. Nikawatoa wateja wawili nje, nikafunga duka, nikakimbia. Wateja wakavuka barabara wakaingia kwa Yahaya. Nilimpigia Moosa aje na panga. Akaja na panga na njaa.

Alikuwa buibui. Amekaa juu ya kioo cha kamera. Chini yake, kwenye kiti, Astère, zamu wetu wa kulinda geti, amelala fofofo. Moosa akainua panga, nikamzuia. Leo hii mlinzi pekee aliyekuwa macho pale getini ni huyo buibui.

Moosa akabaki kula. Samaki wa mukeke, wote wawili.

Jambo moja la ajabu. Wakati wa kula Thuwaiba akaniambia kwa upole kwamba hayo ya kiberiti niyaache, ni ya mwaka jana. Sijawahi kumwambia habari ya kiberiti. Nimeiandika humu tu, na daftari hili nalifungia kwenye droo, ufunguo ninao mimi. Wanawake wana hisia kali sana.

Ijumaa, 23 Februari

Mpango umekamilika. Nauandika hapa, mahali salama.

Posa kwetu ni hivi. Wanaume saloni, wanawake ndani, pazia katikati. Wanaume wakikubaliana, baba wa binti anapiga hodi penye pazia na kupeleka habari. Wanawake wanapiga vigelegele, na hapo hapo inasomwa Fatiha. Vigelegele vikishalia, neno limefungwa, harudi mtu nyuma. Baba wa binti ni mimi! Huko ndani wanajua nitakachowaambia, basi. Miaka ishirini na sita ya ndoa, hakuna neno lililosemwa saloni likafika ndani bila kupita mdomoni mwangu. Mengine nimeyarekebisha sana.

Kwa hiyo Jumapili nitamwambia Yahaya: mimi natoa binti, wewe toa kiti cha futari. Akikataa, posa haina jibu. Ndani nitasema Yahaya ameomba muda kwa sababu presha imempanda. Zayd atamsumbua baba yake, baba yake atachoka, na Ramadhani ikiingia kipaza sauti kiko mkononi mwangu. Hakuna atakayejua!

Baada ya Alasiri nimefanya mazoezi ya hotuba hapa saloni, peke yangu, mbele ya viti vitano. Mara tatu, kwa sauti. Mara ya tatu hata mimi mwenyewe nilisisimka.

Nikaingia ndani kutafuta chai. Marwa macho mekundu, akainuka akatoka bila kunitazama. Vitunguu, nadhani. Thuwaiba akaniuliza kama nina la kumwambia kuhusu Jumapili. Sina. Akauliza tena. Sina. Akauliza mara ya tatu, taratibu, na akaniita Nasser badala ya Baba Marwa. Ndipo nikakumbuka: pazia jipya alilokuwa akiliomba! Nikamwambia anunue, rangi yoyote. Akanitazama muda mrefu. Amefurahi mpaka amekosa maneno.

Jumamosi, 24 Februari

Thuwaiba ameongea na Mama Zayd kwenye simu saa nzima. Mapishi, bila shaka. Kisha akapanga viti saba kule ndani, vyote vikitazama televisheni, akapangusa kioo chake kwa kitambaa cha mvua na kingine kikavu. Nikauliza kwa nini. Akasema wageni wapate pa kupumzisha macho. Nikamsifu. Wake wengine hawafikirii mambo kama haya.

Marwa ameanza kucheka tena. Nilimwona akipiga pasi gauni lake la kijani, anaimba kidogo kidogo, kama alivyokuwa akiimba alipokuwa mdogo akidhani hakuna anayemsikia. Moyo ukaniuma. Nikala kipande cha halua, ukatulia.

Jumapili, 25 Februari

Naandika usiku, wageni wameshaondoka.

Walikuja saa kumi. Yahaya na kanzu mpya, wazee wawili wa upande wake, kwangu mimi na Moosa. Mama Zayd na wenzake wakapitishwa ndani. Televisheni ya saloni niliizima, kwa heshima. Kahawa ya iliki ikapita, halua ikapita, Moosa akaipitisha tena kwake. Yahaya akaleta posa kwa maneno mazuri, siwezi kukataa. Nikakohoa. Nikatoa hotuba. Ilitoka vizuri kuliko Ijumaa! Nilipofika kwenye kiti cha futari, Yahaya akaweka kikombe chini. Akafungua mdomo kujibu.

Vigelegele!

Kutoka ndani. Virefu, vya watu saba, pazia lilikuwa linatikisika. Sikuwa nimepiga hodi. Sikuwa nimepeleka neno! Wale wazee wawili, ambao masikio yao si mazuri, wakasema alhamdulillah na kuinua mikono, na mmoja akaanza Fatiha. Yahaya akainua. Moosa akainua, akiwa bado anatafuna. Nami nikainua. Ningefanya nini? Fatiha ni Fatiha.

Tulipoitikia amina nikakimbilia pazia kusahihisha. Nikapiga hodi, wakajifunika, nikaingia. Nikasimama mbele ya viti saba na kuwaeleza kwamba wamefanya haraka, kwamba Yahaya ameomba muda, presha imempanda, hali si nzuri. Hakuna aliyenitazama. Wote walikuwa wakiangalia nyuma ya bega langu. Mama Zayd akauliza ni presha gani hiyo, mbona mume wake yuko pale anakula.

Nikageuka. Saloni yangu, kubwa kama ukuta. Yahaya na kijiko. Moosa na kopo zima. Na sauti! Jovithe alisema kweli, unasikia mpaka anavyotafuna.

Marwa akasema amenisikia tangu Ijumaa. Akasema alikuwa akingoja nimwambie mwenyewe, na Jumamosi nzima akaendelea kungoja. Akasema vipaza sauti vinauzwa mjini, na kama ningemwambia angeninunulia kimoja kwa mshahara wake wa duka la dawa. Hakupaza sauti. Niliona aibu, na naandika hapa kwamba niliona aibu, isije ikasemwa baadaye kwamba sikuona. Nilimwomba radhi. Akanishika mkono, akasema haya basi, Baba, nenda ukae na wageni.

Lakini hayajaisha! Yahaya alipokuwa anavaa viatu mlangoni akanivuta pembeni. Miaka tisa imemchosha, akasema. Alikuwa ameshaandika jina langu kuchukua nafasi yake, na alipanga kunitangazia leo baada ya Fatiha, kama zawadi kwa mkwe mwenzake. Akatoa karatasi mfukoni akanionyesha. Jina langu, kwa mwandiko wake, la kwanza na la peke yake! Kisha akasema mtu anayekidai kiti kwa namna hii hakistahili, akakunja karatasi, akaangalia saloni kutafuta mtu asiyekuwa na tamaa. Akamchagua Moosa.

Moosa!

Jumatatu, 26 Februari

Nimefikiri kwa kina na nimepata kosa liko wapi. Ni la Jovithe. Fundi mzuri angekataa.

Mengine yako sawa. Marwa anaolewa baada ya Idi, nyumba imejaa vicheko, na Yahaya amenisalimia kwanza leo asubuhi kutoka ng'ambo ya barabara. Thuwaiba amesema kamera zibaki, amezizoea. Telekomandi ya kuvutia picha karibu ameichukua yeye.

Sasa mpango mpya. Wa siri kabisa. Moosa hajui kwamba mwenyekiti wa futari anakula wa mwisho. Sheria hiyo haipo, lakini nitaitunga leo, na kesho nitamweleza kwa masikitiko makubwa: kila siku, siku thelathini, watu wote kwanza, kisha wewe, ukikuta sambusa. Kabla ya Ijumaa atakuwa ameacha kiti mwenyewe, na nani atakuwa karibu kumsaidia? Safari hii sisemi neno kwa sauti. Hakuna hotuba, hakuna mazoezi. Naandika tu, kwenye meza yangu, daftari nimeliinua kidogo kuelekea ukutani ili lipate mwanga.

Ndani wako pamoja, Thuwaiba, Marwa, na Moosa aliyekuja kusalimia. Wanacheka sana. Nikiandika sentensi, wanacheka. Nikisimama kufikiri, wananyamaza. Moosa ndiye anacheka kuliko wote, nusura apaliwe.

Itakuwa filamu nzuri. Nikimaliza kuandika nitaingia niangalie na mimi.