Mke Mdogo wa Kona ya Chini

Jumapili, 7 Juni

Leo nimedhalilishwa ndani ya sebule yangu mwenyewe, na aliyenidhalilisha hakutoka hata nyumbani kwake.

Mwanangu alipohamia mbali aliniachia kompyuta yenye kioo kipana, akaiweka juu ya meza aliyoitengeneza marehemu baba yake. Kila Jumapili mchana tunakutana humo. Kila nyumba na dirisha lake. Mwanangu, mkaza mwanangu na mtoto, dirisha lao. Bi Miwani, mama yake mkaza mwanangu, dirisha lake. Mimi, langu. Madirisha matatu, ukuta mmoja. Sasa kwa nini la Bi Miwani likae katikati, pana kama mlango wa godauni, na langu litupwe kona ya chini, dogo kama stempu? Mimi niliyemzaa baba wa mtoto!

Mjukuu wetu ni wa kiume, kwa hiyo ni mume wetu. Ndivyo bibi anavyotaniana na mjukuu. Lakini Bi Miwani utani kaugeuza ufalme. Anajiita mke mkubwa. Mimi, eti, mke mdogo wa kona ya chini. Kayasema mbele ya watoto, kacheka mpaka miwani ikamteleza. Nami nikacheka. Meno tu.

Mtoto mwenyewe hakuniangalia. Muda wote kainamisha macho, anapigapiga kitu huko chini kwa kiganja. Nilimpakata mara moja tu, hajafumbua macho vizuri, wakaondoka naye. Akikua hanijui sura, nitakuwa jina la kutajiwa, kama babu yake.

Sasa anasimama dede. Mkaza mwanangu kasema Jumapili ijayo watamwachia mikono mbele ya kioo chao, tuone kama atatembea. Bi Miwani akadakia kuwa mguu wa kwanza utakwenda kwa mke mkubwa, asibishe mtu. Mwanangu akasema jamani wazee, mwacheni mtoto achague mwenyewe.

Achague! Mtoto anachagua anachokiona. Stempu ataifuata nani?

Jumatatu, 8 Juni

Nimemwita mpangaji wa chumba cha nyuma. Mtu mzima, upara umefika kisogoni, anatengeneza kadi za harusi kwa kompyuta kwenye duka la chapa. Mchana kutwa anapanga majina ya maharusi, lake halijapangwa. Nimemwambia hivyo. Kasema ahsante, Bibi.

Akanieleza: mashine humkuza yule anayesema. Bi Miwani hafungi mdomo, ndiyo maana kakuzwa. Nilijua! Domo limempa godauni.

Lakini kumbe madirisha yanahamishika. Unashika kipanya, unapeleka kishale kwenye paji la dirisha, unabana, unaburuta. Ukitaka kulipanua, unashika kona, unavuta. Likikaa juu ya jingine, lile la chini halionekani. Nikamwambia hayo hayahitaji shule. Hata masufuria kabatini ndivyo yalivyo.

Nimefanya mazoezi kwa dirisha la saa na dirisha la kikokotoo. Saa nikaipeleka kushoto, ikaenda kwa adabu. Kikokotoo kikakaidi. Nikakivuta kikapita ukingo wa kioo, likabaki sikio tu. Nikavuta sikio. Nalo likaenda! Nikapiga ukelele. Mpangaji katoka bafuni mbio, taulo kiunoni, povu juu ya upara. Kakirudisha. Kaniasa nisivute kupita ukingo, maana kona ikishatoka nje ya kioo sina tena pa kushika.

Nikamwambia akajisuuze kwanza ndipo awe mwalimu.

Jumatano, 10 Juni

Nimetoa futi ya kupimia ya marehemu. Alikuwa seremala wa madirisha. Mtaa huu mzima unachungulia nje kwa jasho lake. Hakukata ubao kabla ya kupima. Sasa mimi mjane wake nipange madirisha kwa kukisia? Aibu!

Nimepima kioo cha kompyuta. Nimechora juu yake kwa chaki ya cherehani, kila dirisha na mahali pake. Langu katikati. La mtoto kulia. La Bi Miwani kona ya chini, palepale palipokuwa pangu, nikalibana kidogo. Refu, jembamba. Dirisha la choo.

Mpangaji karudi kazini, kaona, kashika kiuno. Kasema Bibi, unavyopanga hapa ni hapa kwako tu. Kule kwa mtoto wanapanga kwao, na Bi Miwani anapanga kwake. Ukijikuza hapa, unajikuza machoni pako mwenyewe.

Nikamwuliza: ukitoboa ukuta ukaweka dirisha la futi nne kwa tatu, aliye nje ataliona futi ngapi? Kasema nne kwa tatu, lakini Bibi... Nikamwambia hakuna lakini. Dirisha ni moja, lina pande mbili. Nikilipanua kwangu, limepanuka na kwao. Nimekula chumvi nyingi na seremala, kadi za harusi zisinifundishe madirisha.

Nikampa na kisa, apate akili. Tajiri mmoja alimtaka marehemu amtengenezee dirisha kubwa la sebuleni, alitilie kioo cha kurudisha sura, awe anajitazama akiwa amekaa. Marehemu akarudisha vipimo. Akamwambia hicho ni kioo cha kinyozi, yeye ni fundi madirisha. Tulikula mboga tupu, lakini kichwa juu.

Mpangaji kakitazama kioo changu chenye chaki. Kanitazama mimi. Kasema marehemu alikuwa mtu wa maana sana.

Angalau hilo kalielewa.

Alhamisi, 11 Juni

Nimefanya jaribio. Nimempigia Bi Miwani kwa kompyuta, mimi na yeye peke yetu, eti namjulia hali ya goti. Kabla hajapokea nilikwishavuta dirisha langu mpaka kwenye chaki. Tulipomaliza salamu nikamwuliza, kama mtu asiye na haja, je mkwe mwenzangu, huko kwako nakaaje?

Kasema ananiona vizuri mno. Nimejaa kioo kizima, mpaka anahesabu vinyweleo vya kidevu changu.

Hana haya yule! Lakini moyo umeniruka. Nimejaa kioo kizima! Na shahidi ni adui mwenyewe.

Nimemwambia mpangaji. Kasema mkiwa wawili tu, mashine humjaza kila mmoja kwa mwenzake. Nimemwambia kijicho hakimpendezi mtu wa umri wake.

Bi Miwani kabla ya kuaga alivua miwani, akaipangusa. Kasema goti limekuwa baya. Hata mtoto angeletwa leo akawekwa mbele yake, asingeweza kuinama kumnyanyua. Nikamwambia pole, mwenzangu, kuzeeka ni kazi. Nilimaanisha.

Kisha nimefuta chaki yake, nikalipunguza dirisha lake nusu inchi.

Jumamosi, 13 Juni

Mpangaji kesho hayupo, anapeleka kadi mji wa pili. Kasimama mlangoni na mzigo wake, kaniambia fanya upendavyo, Bibi, ila usilifunike dirisha la mtoto. Nikamwuliza nani amewahi kumfunika mume wake aliyeanza kutembea. Akaenda zake, anatikisa upara.

Nimepiga pasi kilemba chekundu. Mtoto hufuata rangi. Nimepanguza vumbi kwenye kijicho cha kamera. Nimefanya mazoezi ya kuita: njoo mume wangu, njoo kwa mkeo! Mara laini, mara kwa nguvu. Jirani kaniuliza kupitia ukutani naolewa lini. Nimemjibu kesho mchana, na yeye hakualikwa.

Mazoezi ya kipanya yamekwenda vizuri. Kona, bana, vuta.

Jumapili, 14 Juni

Nilikaa mapema. Wakaingia. Mtoto kashikwa na mama yake kwa mikono yote miwili, kavaa soksi za rangi ya machungwa. Bi Miwani kaja na fremu mpya ya miwani, pana kama baiskeli. Nikasalimu kwa adabu huku kipanya kinafanya kazi.

Nikamburuta Bi Miwani mpaka kwenye dirisha la choo. Akasema neno, mashine ikampandisha. Nikamshusha. Akakohoa, akapanda. Nikamshusha. Tumepigana hivyo muda mrefu, na yeye hana habari kama yuko vitani.

Mkaza mwanangu akasema haya, namwachia.

Hapo nikaona chaki haitoshi. Nikashika kona ya dirisha langu, nikavuta. Nikaenda kona ya pili, nikavuta. Likapita chaki. Likapita ukingo. Kilemba chekundu mwisho hadi mwisho! Nikaita kwa nguvu: njoo mume wangu, njoo kwa mkeo!

Mwanangu akasema anakuja! Mama wa mtoto akapiga makofi. Bi Miwani akawa anahesabu hatua kwa sauti, twende baba, twende, usiogope.

Na mimi nilikuwa namtazama mwanamke mzee mwenye kilemba, mdomo wazi.

Nikatafuta kona nijipunguze. Kona hakuna. Imetoka nje ya kioo. Kishale kinanitembea mashavuni kama nzi. Nikapangusa kioo kwa mkono, nikadhani labda nitamwona kwa nyuma, chaki ikatapakaa usoni kwangu humo ndani. Nikasikia vishindo vidogo sakafuni. Vinakuja. Vinasita. Vinakuja tena. Kisha kofi dogo juu ya kioo chao, paa. Na sauti yake, kitu ambacho bado si neno.

Mkaza mwanangu alikuwa analia, nilimsikia.

Bi Miwani ndiye aliyesema kwanza. Sauti ile sijapata kuisikia kwake. Kasema hongera, mke mkubwa. Kwa alivyoniambia binti yangu kioo chao kilivyopangwa, amenipita mimi katikati, kaja kwako hapo chini konani. Kakuwekea mkono shavuni.

Mwanangu akauliza, "Mama, umemwona?"

Nikasema, "Nimemwona."

Jumatatu, 15 Juni

Nimempigia mwanangu simu ya kawaida. Nikamwuliza mtoto alianza na mguu upi. Kasema Mama, si ulimwona? Nikamwambia nampima yeye, wanaume wa siku hizi wanatazama bila kuona. Kasema wa kushoto. Katikati ya safari aliyumba, akajishika kwenye stuli. Akapumua kama mtu mzima. Soksi moja ikamvuka, akaiacha nyuma, akaja na mguu mmoja mtupu, anacheka.

Nikasema ehee. Ndivyo nilivyoona. Nikamtaka aeleze tena tangu mwanzo, nihakikishe hadanganyi. Kaeleza tena. Soksi ilikuwa ya mguu wa kulia.

Kisha kaniambia kitu. Kumbe kule kwao ni yeye mwenyewe aliyelishusha dirisha langu kona ya chini, akalifunga pale lisihame, tangu mtoto aanze kutambaa. Kioo chao kiko juu ya kabati fupi. Kona ile ndiyo pekee inayofikiwa na mkono wa mtoto. Katikati hafiki. Kila Jumapili tunapoongea, yeye hunipapasa hapo uso, kwa kiganja. Ndiyo maana huwa kainamisha macho.

Nimehamishia simu sikio la pili.

Kisha nimemkemea. Mtu na mama yake mzazi, kona ya chini! Mimi ni kiatu? Ni ufagio? Nimemwambia Jumapili ijayo anipandishe katikati, juu kabisa ikiwezekana, na pale chini amweke Bi Miwani na goti lake. Kasema Mama, nimekueleza sasa hivi kwa nini... Nimemwambia nimesikia, sina ugonjwa wa masikio, mtoto kaja kwangu kwa sababu nilijaa kioo. Kashusha pumzi. Kasema sawa, Mama.

Mpangaji karudi jioni, kaona chaki ilivyotapakaa. Nimemtangazia kuwa futi ya marehemu imeshinda, mtoto kanijia mimi. Kafurahi kweli, mpaka kanishika mikono. Kisha kauliza, na anatembeaje?

Nikamwambia mguu wa kushoto kwanza. Soksi ya kulia ilimvuka. Nikaingia jikoni.

Nimefuta kioo kwa kitambaa chenye maji. Nimechora upya. Mara hii mstari mmoja tu, unaozunguka kioo chote, ukingo kwa ukingo. Ndani yake, kwa herufi kubwa, nimeandika MIMI.