Yeyote Anaweza Kusema Sitisha

Jumatatu, 3 Machi

Sauti moja imegoma kunitoka kichwani. Jana, kwenye matangazo ya kurushwa kwa roketi mpya, sekunde chache kabla ya kuwasha injini, mwanamke mmoja alisema kwa upole: "Sitisha." Basi. Roketi ndefu kuliko ghorofa, moshi ukiitoka ubavuni, ikatulia kama mtoto aliyeambiwa asiguse. Mtangazaji akaeleza kwamba vali imevuja, na kwamba yeyote kikosini akiona kasoro ana haki ya kutamka neno hilo bila kuulizwa. Kaka yangu akasema wamesitisha tena, roketi isiyoruka ni bomba tu. Mimi nilikuwa nimeshalipenda neno hilo.

Shuleni ninakofundisha, Mwalimu Mkuu anasema klabu yangu ya anga haijaonyesha kitu tangu ianze. Ijumaa nisiporusha chochote, chumba chetu kinakwenda kwa kwaya. Mwalimu wa kwaya, ambaye wanafunzi humwita Besi kwa sauti yake nzito, akaja na futi ya kupimia, akapima mlango. Ni kwa ajili ya ngoma tu, dada yangu, akasema, usinielewe vibaya.

Nina mpango. Chupa ya soda, maji kidogo, pampu ya baiskeli ya kaka. Na utaratibu wa kitaalamu: kila mwanachama ana haki ya kusema sitisha.

Jumanne, 4 Machi

Jaribio la kwanza. Sitisha: wingu. Tukahesabu upya. Sitisha: paka wa jikoni amekaa eneo la kurushia. Paka akaondolewa. Sitisha: mwanachama mmoja amesikia mluzi, huenda hewa inavuja. Ilikuwa pua yake. Kengele ya masomo ikalia.

Chupa haikuondoka chini. Lakini nidhamu! Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumatano, 5 Machi

Wanachama wameongezeka ghafla. Nilidhani ni mapenzi ya sayansi. Ni mapenzi ya kumwambia mwalimu sitisha, na mwalimu akatii. Leo kamba ya kiatu ilifunguka. Kisha mmoja akapata hisia mbaya. Nikamuuliza hisia gani. Akanikumbusha, kwa heshima zote, kwamba sheria inasema haulizwi. Ana akili yule.

Mapezi ya roketi, ya kadibodi, yamelowa na kulegea kama masikio ya mbwa. Nimekata mengine kutoka ndoo ya plastiki. Kizibo kinavuja, nimekizungushia mpira wa tyubu.

Jioni Besi akaja kuomba uanachama. Nikatafuta kifungu cha kumkatalia. Sheria niliandika mwenyewe, haina mwanya. Nikampa beji. "Asante, kapteni," akasema, vikombe vikatetemeka.

Alhamisi, 6 Machi

Jaribio la kizibo, uani nyumbani, bila klabu. Chupa ilichomoka kabla sijasema kumi, ikapiga kamba ya nguo, ikashuka imevaa shati la kaka. Kaka anataka pampu yake. Nikamweleza kwamba wahandisi wakubwa wote huanza kwa kulipua vitu. Akasema wahandisi wakubwa wana pampu zao.

Nimetafakari sana. Hapakuwa na mtu wa kusema sitisha, na roketi ikaruka. Hii ni hatari.

Ijumaa, 7 Machi

Shule nzima uwanjani. Mwalimu Mkuu kwenye kiti cha mbele. Nikapampu mpaka mikono ikafa ganzi. Kumi, tisa, nane. Sitisha: Besi, kutoka nyuma, kwa noti yake ya chini kabisa. Haulizwi. Nikatii. Nikaanza upya. Sitisha. Mwalimu Mkuu akatazama saa yake. Besi akaitoa ile futi mfukoni, akaikunjua taratibu. Nikaanza mara ya tatu. Akavuta pumzi, akasema, "Si—"

Kizibo hakikusubiri. Chupa haikuwa mwanachama. Ikapaa na mkia wa maji, ikapita paa la bwalo, ikapita mlingoti wa bendera, ikameta huko juu, nami nikasahau kwamba nina mwili. Shule ikapiga kelele moja. Maji yakamshukia Besi, na kwa haki niseme, ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Mwalimu Mkuu akafuta matone kwenye miwani. Chumba ni chenu, akasema, kisha akauliza, chini chini, kama inaweza kwenda juu zaidi.

Besi akaja akichuruzika. "Dada, ungeniacha nimalize neno tu." Nimempa kona nyuma ya mlango aweke ngoma zake.

Jumamosi, 8 Machi

Roketi kubwa imesitishwa tena. Sauti ileile. Kaka amezima runinga, nikaiwasha.

Nimefanya tathmini. Kasoro ya jana iko wazi: chombo kiliruka bila idhini. Wasimamizi walikuwa wachache mno. Roketi ijayo itakuwa na chupa tatu, nayo itarushwa siku ya wazazi. Beji nimeshampelekea Mwalimu Mkuu zigawiwe langoni. Kila mzazi atakuwa na haki ya kusema sitisha. Mkuu wa usalama nimemteua Besi. Amekubali, na ameshaanza mazoezi ya sauti.